Ploti Gani Hiyo Unayouziwa?

Ukiketi katika hoteli ya chai mjini Isiolo mwendo wa saa nne asubuhi, utalisikia neno ploti kabla kikombe hakijapoa. Kwenye meza ya dirishani kijana anaongea kwa simu: "Sasa ploti ya leo ni gani?" Anauliza mpango wa jioni. Karibu na mlango mama mmoja anamweleza mwenzake kwamba amehama, siku hizi yuko "ile ploti ya nyuma ya msikiti", yaani safu ya vyumba vya kupanga vyenye bomba moja na choo kimoja uani. Katikati, mzee ametoa mfuko wa plastiki, akatandaza karatasi iliyokunjwa mara nane hata mikunjo imeanza kupasuka. Broka aliye mbele yake hajaitazama sana. "Mzee wangu, hii ploti ni safi," anasema. "Wewe toa kitu kidogo leo, hayo mengine niachie mimi."

Wote watatu wamelitumia neno sawasawa. Ila kijana akikosea ploti yake atakosa sherehe, na mama asipoipenda yake atahama tena mwisho wa mwezi. Mzee akikosea, akiba ya ng'ombe aliouza miaka kumi itakuwa imekwenda. Ndiyo maana nataka tulifungue neno hili, tuone lilikotoka na lilichobeba, kisha tuone mtu wa Isiolo aulize nini kabla ya kutoa pesa.

"Plot" ni neno la zamani mno katika Kiingereza. Limo katika maandishi ya kabla ya mwaka 1100, na maana yake wakati huo ilikuwa moja tu: kipande kidogo cha ardhi. Lilikaa hivyo kwa karne nyingi. Katika karne ya 16 likaanza kutanuka. Kwanza likawa mchoro wa kile kipande, yaani ramani ya uwanja au ya jengo. Kutoka mchoro likawa mpango wowote ule, kwa kuwa achoraye nyumba amekwisha kupanga itakavyokaa. Karibu na wakati huo Waingereza walikuwa wamelizoea neno la Kifaransa "complot", yaani njama, na maneno hayo mawili yaliyofanana kwa sauti yakaanza kuambukizana. Kufikia mwisho wa karne hiyo, mtu akisema "plot" angeweza kuwa na maana ya bustani ya mboga au ya watu waliojifungia chumbani wakipanga kumuua mfalme. Mfano ambao kila Mwingereza anaujua ni wa tarehe 5 Novemba 1605, Guy Fawkes alipokamatwa London akilinda mapipa 36 ya baruti chini ya jengo la Bunge. Tukio hilo hadi leo huitwa kwa neno hilihili ambalo sisi tunaliandika kwenye vibao vya kuuzia ardhi.

Maana ya hadithi ilifuata katika karne ya 17: mfuatano wa matukio katika mchezo au kitabu. Wanafunzi wa fasihi wanaijua, maana walimu wao husema "ploti ya riwaya", ingawa wengine hupendelea "msuko", neno zuri zaidi kwa maoni yangu, kwa kuwa linamwonyesha mtunzi akiwa na ukili mkononi. Ardhi, mchoro, njama, hadithi: kila maana ilizaliwa na iliyoitangulia, na hakuna iliyokufa.

Kiswahili nacho hakikuwa kikingoja neno la kuazima. Kuna ngwe, kipande cha shamba kilichopimiwa mtu alime. Ugwe ni kamba, kwa hiyo ngwe yenyewe inakukumbusha kipimo. Kuna kitalu cha miche. Na kuna kiwanja, ambacho Tanzania ndicho neno la kila siku: mtu wa Dar es Salaam hukwambia amenunua kiwanja na hakuna anayeshangaa. Mwambie hivyo mtu wa Isiolo, atakuuliza umenunua uwanja wa mpira au wa ndege. Hapa kwetu kiwanja kimebaki kuwa mahali peupe pa shughuli ya watu wengi, na mtaa wa Kiwanjani umelibeba jina hilo kando ya uwanja wa ndege.

Majina ya mitaa ya mji huu yanafaa kusomwa polepole. Kambi Garba, Kambi ya Juu, Kambi Odha, Bulla Pesa, LMD, Wabera. Bulla ni kijiji kwa Kisomali. Kambi ni mahali pa kutua. LMD ni herufi za idara ya serikali iliyoshughulikia soko la mifugo. Wabera ni jina la Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hapa, aliyeuawa Juni 1963. Katika majina yote hayo hakuna ploti. Watu walikuja wakatua, wakajenga karibu na jamaa zao, wakaita mahali kwa jina la aliyetangulia au la kazi iliyowaleta. Ploti ilikuja na afisi: ramani ya mji wa mkoloni, duka lenye namba, leseni ya kukaa kwa muda iliyolipiwa kila mwaka, ambayo haikumfanya mwenye duka kuwa mwenye ardhi hata siku moja.

Ukienda mbali na mji, kuelekea Garba Tulla, Merti au Sericho, neno linapungukiwa kabisa. Waborana wana dedha, eneo la malisho linalosimamiwa na wazee, jarsa dedha, wanaoamua mifugo ikae wapi wakati wa mvua na ihamie wapi wakati wa kiangazi, na kisima gani kiachwe kipumzike. Dedha ina mipaka, lakini mipaka yake inasomwa kwa majira na kwa maji. Anayekuja na futi kamba akakata humo vipande vya 50 kwa 100 anauza kitu ambacho wenyewe hawakukikata.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sehemu kubwa ya Isiolo ilikuwa ardhi ya amana chini ya baraza la kaunti la zamani. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, iliigeuza ardhi ya namna hiyo kuwa ardhi ya jamii, na ikasema kwamba ile ambayo haijasajiliwa itashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana kwa niaba ya jamii. Kushikilia kwa amana maana yake ni kutunza mali ya mwingine. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaikataza kaunti kuuza ardhi hiyo, kuihamisha, au kuigeuza kuwa ya mtu binafsi. Jamii ikishasajiliwa inaweza kuamua kuitoa, lakini uamuzi huo haufungi mpaka uungwe mkono na angalau thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima waliosajiliwa. Kwa hiyo ukiuziwa ploti nje ya mji, swali la kwanza si bei. Uliza: ardhi hii ni ya nani kisheria, ya jamii, ya umma, au ya mtu? Ikiwa ni ya jamii na haijasajiliwa, sahihi ya chifu, ya mzee wa mtaa, hata ya diwani, haiwezi kukupa kitu ambacho wao hawana.

Tuje mjini sasa, kwenye karatasi ya yule mzee. Karatasi nyingi zinazozungushwa Isiolo kwa jina la ploti ni barua za ugawaji, zile ambazo watu huziita alotimenti. Neno hilo nalo lina historia yake. Ndani yake mna "lot", ambalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa kijiti au alama iliyotupwa kuamua nani apate nini. Yaani kura. Barua ya alotimenti, kwa asili ya neno, ni taarifa kwamba kura imekuangukia. Na mahakama, bila kutazama kamusi, imefika papo hapo. Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama ya Juu ilisema kwamba barua ya ugawaji ni pendekezo tu linalongoja masharti yake yatimizwe. Aliyepewa hawezi kumpitishia mtu mwingine umiliki mpaka ardhi isajiliwe kwa jina lake mwenyewe.

Isome hukumu hiyo kama mnunuzi. Broka anapokuuzia "alotimenti safi", hata ikiwa si ya kughushi, hata ikiwa jina na mhuri ni vya kweli, anakuuzia pendekezo alilopewa mtu mwingine. Soma tarehe ya barua. Soma masharti: kwa kawaida aliyepewa hutakiwa akubali kwa maandishi na alipe ada zilizotajwa ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 30. Barua ya mwaka 1998 ambayo haikuwahi kulipiwa ni kumbukumbu ya nafasi iliyopita. Omba risiti za malipo hayo ya mwanzo, si za reti tu. Risiti ya reti inaonyesha kwamba kaunti ilipokea pesa kwa ajili ya namba fulani. Haisemi ardhi ni ya nani, na watu wawili wanaweza kuilipia namba moja kwa miaka, kila mmoja akitunza risiti zake kwenye mfuko wa plastiki.

Hilo la watu wawili si mfano wa kubuni. Ploti moja kugawiwa mara mbili ni malalamiko ya kila siku katika mji huu, na yanawauma zaidi waliohamishwa kupisha uwanja wa ndege wakaelekezwa kwenye ploti kwingine, kisha wakakuta mtu mwingine amechimba msingi. Sababu moja ni namba zenyewe. Ploti ambayo haijapimwa ina namba ya kwenye mchoro wa mpango tu, ule ambao maafisa huuita PDP. Tuseme ploti yako ni namba 40: mchoro mwingine wa mtaa wa pili unaweza kuwa na 40 yake. Mchoro ukirekebishwa, 40 ya jana inaweza kuwa barabara leo. Kwa hiyo namba ya ploti peke yake haitoshi. Uliza ni ya mchoro gani, uliidhinishwa lini, na kama mpima ardhi aliyesajiliwa amekwisha kuipima na kazi yake ikakubaliwa serikalini. Ikishapimwa inapata namba ya kipande katika ramani ya usajili, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye mkataba.

Ukiwa na namba hiyo, fanya sachi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa mtu yeyote haki ya kuomba kuonyeshwa kilichoandikwa kwenye rejista, na cheti cha sachi kitakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa, kama ni ya milele au ya kukodishwa kwa miaka kadhaa, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Ifanye wewe, au wakili wako. Sachi iliyoletwa na muuzaji ni karatasi kama karatasi nyingine. Ardhisasa, mtandao wa serikali wa kumbukumbu za ardhi, ulizinduliwa Aprili 2021 ukianzia Nairobi. Uliza kwa msajili wa ardhi anayehudumia eneo lako kama kumbukumbu za ploti unayoitaka zimekwisha kuingizwa humo au bado ziko kwenye jalada.

Halafu kuna lile jambo la njama. Kifungu cha 26 cha sheria hiyohiyo kinasema kwamba cheti cha umiliki ni ushahidi wa awali kuwa aliyetajwa ndiye mwenyewe, lakini kinaweza kupingwa kukiwa na ulaghai aliohusika nao, au ikiwa kilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu, au kwa mpango wa kifisadi. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilikazia jambo hilo: mnunuzi hawezi kujificha nyuma ya hati ikiwa ugawaji wa kwanza kabisa ulikuwa na kasoro. Mzizi wa hati lazima utazamwe. Maana ya mwaka 1605 imerudi ndani ya maana ya mwaka 1100, na anayeipoteza nyumba ni mnunuzi wa tatu au wa nne ambaye hata hakuwapo njama ikiliwa.

Kutazama mzizi si kazi ya kubahatisha. Muulize muuzaji aliipata vipi, kutoka kwa nani, mwaka gani, na omba nakala ya kila hatua. Ukiona pengo, kwa mfano ploti iliyokuwa ya shule au ya soko kwenye mchoro wa zamani na leo ina jina la mtu, simama hapo. Na hapa msuko wa hadithi unasaidia kweli: msikilize muuzaji akisimulia, kisha urudi wiki ijayo umwombe asimulie tena. Marehemu mjomba akigeuka kuwa marehemu baba, na 1994 ikawa 2004, umekwisha kujua unauziwa ploti ya aina gani.

Usiende kuiona ploti na broka peke yake. Nenda siku nyingine, bila yeye, ukasalimie majirani. "Hamjambo mama, nimeambiwa hapa panauzwa, mnamjua mwenyewe?" Swali hilo moja limeokoa watu wengi kuliko mihuri. Kisha nenda na mpima ardhi akutafutie bikoni, zile alama za pembe. Bikoni asili yake ni ishara, na zamani Waingereza waliuita hivyo moto uliowashwa kilimani ili uonekane mbali. Za kwetu ni chuma kilichozamishwa kwenye saruji, na mara nyingi zimefunikwa na mchanga, zimeng'olewa, au zimesogezwa hatua tatu usiku. Mpima atazipata kwa vipimo vya ramani. Broka atazipata kwa kidole.

Kuhusu ukubwa, hapa watu wengi huibiwa wakitabasamu. Hati huandikwa kwa hekta, broka husema kwa futi, na mnunuzi husikia kwa eka. "50 kwa 100" ni futi za mraba 5,000, yaani kama mita za mraba 464 na nusu, au hekta 0.0465. Watu huiita nane ya eka. Nane ya eka kamili ni futi za mraba 5,445, au hekta 0.0506. Tofauti ni futi za mraba 445, nafasi ya vyumba vinne vya futi 10 kwa 10, na bado unabakiwa na pa kuanikia nguo. Ploti ya 40 kwa 80 ni hekta 0.0297 tu. Andika tarakimu hizi nyuma ya simu yako. Ukionyeshwa hati yenye 0.03 na umeambiwa ni 50 kwa 100, usigombane. Omba bei ya 40 kwa 80.

Kuna pia suala la upande gani wa mpaka. Mstari kati ya Isiolo na Meru umekuwa ukibishaniwa kwa miaka, na kuna sehemu ambako mtu mmoja anaweza kukuonyesha barua iliyotoka Isiolo na mwingine akakuonyesha iliyotoka Meru, kwa kichaka kilekile. Ikiwa ploti iko maeneo hayo, sachi ya afisi moja haitoshi, na mimi binafsi ningengoja.

Ukiridhika na yote hayo, makubaliano yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili na yashuhudiwe. Sheria ya Kenya haitambui mauzo ya ardhi ya maneno matupu, hata yakifanywa mbele ya wazee kumi na dua ikasomwa. Ikiwa pana nyumba ya ndoa, mke au mume wa muuzaji lazima akubali, na akubali mwenyewe, si kwa kuambiwa "mama watoto yuko sawa". Ikiwa ardhi ni ya kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi sita ya mapatano, la sivyo mauzo ni batili. Ushuru wa stampu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya manispaa na asilimia 2 kwa ya mashambani, na ni wewe mnunuzi unayeulipa, kwa hiyo uweke kwenye hesabu tangu mwanzo. Pesa zipitie benki, kwa jina linalofanana na lililo kwenye rejista. Na kama umekwisha kulipa sehemu ya bei ya ardhi iliyosajiliwa na uhamisho unachelewa, muulize wakili kuhusu kuweka zuio kwenye rejista, lile ambalo watu huliita kosheni. Likiwapo, msajili hataruhusu ardhi ihamishwe bila wewe kujulishwa.

Tumrudie yule mzee. Chai imekwisha, broka ametoka kupokea simu nje. Kijana wa meza ya dirishani, yule wa ploti ya jioni, ameinama akaitazama ile karatasi kwa adabu. "Mzee, samahani, hii imeandikwa mwaka gani?" Mzee akavaa miwani, akafuata mstari kwa ukucha mpaka kwenye mkunjo uliopasuka. Tarehe ilikuwa palepale kwenye tundu. Akaikunja tena mara nane, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, na broka aliporudi alikuta mzee amekwisha kuuliza njia ya kwenda afisi ya ardhi.